Mlio Uliomkimbia Kontena

Ukipeleka gari kwa Kontena usianze na maelezo. Usimwambie eti mguu wa mbele kulia, eti jirani yako kasema ni bushi. Atakukata kauli. "Lia kwanza," atakwambia, na hapo hatanii. Anataka umwigizie mlio wa gari lako kwa mdomo wako mwenyewe, mbele za watu, na usipoulia vizuri hashiki spana. Kuna hakimu mstaafu alisimama katikati ya gereji ile, tai shingoni, akafanya nyi-nyi-nyi kama mtoto wa mbwa. Akarudishwa arudie, maana mara ya kwanza hakutia moyo. Aliporudia, Kontena akamwambia ni raba ya chini ya springi. Wakafungua. Ilikuwa raba ya chini ya springi.

Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na tatu yuko chini ya bati lile lile, upande huu banda la fundi wa kuchomelea, upande ule ukuta wa shule ya chekechea. Ufundi hakusomea popote. Alijifunza kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga, mpaka siku moja akaweza. Jina la Kontena ni la mwili wake, usitafute maana nyingine. Akisimama mlangoni, waliomo ndani wanadhani jua limezama. Mkewe ni fundi cherehani, na anasema mashati ya mume wake hayapimi kwa futi, anayakadiria kama mtu anayekadiria pazia la ukumbi. Kontena mwenyewe utani huo anausimulia kwa wateja na kuucheka kuliko wao.

Sharti lake la pili ni hili: ukishalia, mnaingia barabarani, unaendesha wewe, yeye anakaa siti ya nyuma na kufumba macho. Mbele hakai hata umbembeleze. Anasema mbele kuna kelele za bure, dashibodi inalalamika, dereva anaongea, halafu mtu aliyekaa mbele anatazama barabara badala ya kusikiliza. Nyuma, anasema, gari halina pa kuficha siri. Kwa siti ile ya nyuma amekamata milio ambayo mafundi wengine walishaikatia tamaa, na hilo analijua, na kichwa kimevimba kidogo. Tumsamehe. Kila mtu ana kitu chake.

Sasa, dada yake.

Dada amemzidi miaka kumi na mbili. Ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mama yao alipofariki Kontena alikuwa na miaka minane, na tangu siku ile Dada ndiye aliyemwogesha, akamchapa, akamfundisha kugawanya, akamchapa tena kwa sababu ya kugawanya. Leo mdogo mtu ana miaka hamsini na moja na wajukuu wawili, lakini Dada akiingia getini yeye bado anashika kifua haraka kuona kama vifungo vya shati vimefungwa.

Gari la Dada ni dogo, jeupe, safi mpaka chini ya mazulia. Tangu mumewe afariki analiendesha peke yake. Kila Alhamisi analipeleka mwendo wa dakika arobaini kwa mwalimu mwenzake aliyepooza upande mmoja, wanasomeana gazeti na kugombana mpaka saa kumi, kisha anarudi. Mwenzake hana mgeni mwingine, na Dada, tuseme ukweli, hana safari nyingine. Ukimwondolea gari umemwondolea Alhamisi, na ukimwondolea Alhamisi unamwacha na kuta.

Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa zote mbili. Gari likipita tuta lilikuwa linaendelea kuitikia kichwa hata baada ya tuta kuisha, kama mtu asiye na msimamo. Zile za asili, zilizotoka na gari kiwandani, zilikuwa hazipatikani tena, kwa hiyo Kontena akafunga za kampuni nyingine, nyekundu, mpya, nzuri kwa kuzitazama. Akafunga vizuri. Gari likatulia.

Siku ya tatu Dada akarudi. Hakusubiri kuambiwa alie. Alisimama wima mbele ya gereji kama anayesoma majina ya waliofaulu, akasema, "Ko. Halafu kimya. Halafu ko-ko. Nyuma, kulia, kwenye kituta kidogo. Kwenye tuta kubwa hakuna."

Katika miaka ishirini na tatu hakuna mteja aliyewahi kulia vizuri namna ile. Kontena akafurahi kabisa. Akajisokota akaingia siti ya nyuma, akafumba macho, Dada akaendesha. Wakazunguka mtaa mzima. Kimya. Wakazunguka tena, wakatafuta kila kituta, kila shimo, kila kiraka cha lami. Kimya kama gari la kwenye picha.

Kesho yake wakarudia, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Alikagua nati za juu na bushi za chini. Alishusha tairi la akiba, akatoa jeki, akatoa mwavuli, akatoa boksi la madaftari ya wanafunzi ambao sasa wana vipara. Alitikisa bomba la moshi mpaka likamtapikia masizi. Kila mara Dada alikuwa anasema neno lile lile, bila hasira: nikiwa peke yangu linagonga.

Unaona hiyo inavyosikika. Mjane wa miaka sitini na tatu, anasikia kitu kinagonga nyuma yake, na kinagonga akiwa peke yake tu.

Aliyeona kabla ya wote ni mwanawe. Kijana huyu anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, viatu vinang'aa, na anampenda sana mama yake. Ila anampenda kwa namna ya kumwondolea vitu. Alianza kwa kuondoa ngazi, eti mama ataanguka. Akaja akaondoa jiko la gesi. Sasa akampigia simu mjomba wake akamuuliza swali moja tu: wewe umesikia? Kontena akasema hajasikia. Basi, kijana akasema, yameisha. Mnunuzi wa gari alikuwa ameshampata. Jumamosi angekuja kuchukua ufunguo. Alichoomba ni kwamba mjomba amwambie mama, uso kwa uso, kwamba hakuna mlio wowote, kwa sababu mtu mwingine hata akiapa mama hatamwamini. Kontena akajibu kwamba atafikiri, jibu ambalo kwa Kiswahili cha wajomba ni ndiyo ya mtu mwoga.

Nyumbani akamweleza mkewe. Mkewe alikuwa na pini mdomoni akazitoa moja moja kwanza.

"Wifi hajawahi kusikia kitu kisichokuwepo," akasema. "Mimba yangu ya pili aliijua yeye kabla yangu. Tena kwa kunisikia ninavyopanda ngazi."

Kontena akala, akaongeza, akalala upande wa ukuta.

Alhamisi asubuhi akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anajikuna kidevu. Dada alipofika, akiwa njiani kwenda kwa mwenzake, Kontena akamwambia apumzike kwenye benchi. Akapiga jeki, akalala chini, akalegeza nati ya juu ya shokapu ya kulia, kisha akaikaza pale pale ilipokuwa. Akagonga chuma kwa nyundo mara nne ili kisikike. Akaguna. Akatoka akijifuta mikono na kitambaa, akasema ameipata, nati ilikuwa imelegea. Alikuwa amepiga hesabu yake usiku kucha: kama mlio uko kichwani, basi neno litautibu vizuri tu kama spana, na Jumamosi Dada atamwambia mwanawe gari limepona, na kila mtu atabaki na chake.

Dada akamtazama. Akashukuru. Akaingia ndani ya gari, akaenda kuzunguka peke yake, na kabla ya dakika kumi kupita akawa amerudi. Injini hakuizima. Akashusha kioo.

"Umegusa nini?"

"Nati ya juu, Dada."

"Ilikuwa imelegea kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi? Robo mzunguko? Nusu?"

Fundi wa kuchomelea alizima moto wake akainua barakoa, maana kazi inaweza kusubiri lakini haya hayarudiwi. Kontena akatazama kitambaa chake. Mtu mzito kiasi kile alionekana kama anatafuta mahali pa kujikunja.

"Haikuwa imelegea," akasema. "Nimekudanganya. Mimi sisikii kitu, Dada. Siku zote hizi nasikiliza, sisikii kitu."

Dada hakupandisha sauti. Waliofundishwa naye wanajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa.

"Mimi sikukuuliza kama unasikia," akasema. "Nilikuuliza kinachogonga ni nini. Huyu mtoto aliponiambia mnauza gari, nikamwambia ngoja fundi aseme. Nikamwambia, yule hata anipende vipi hawezi kunidanganya kwenye gari."

Akatia gia akaondoka.

Pale getini kuna bomba la maji lililozikwa juu juu na kufunikwa kwa saruji, kinuko kidogo tu, huwezi hata kukiita tuta. Kwa siku zote zile gari lilikuwa likikipita na Kontena akiwa ndani, macho yamefumbwa; na Dada akija au akiondoka peke yake, kelele za kuchomelea zilikuwa zinameza kila kitu. Sasa alikuwa nje, amesimama na aibu yake. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yakapita.

Ko. Halafu, baada ya kimya kifupi, ko-ko.

Kontena akakimbia. Hili jambo inabidi ulipe nafasi kichwani, kwa sababu mara ya mwisho kukimbia alikuwa anafukuzwa na nyuki, na mwili ulikuwa nusu ya huu. Watoto wa chekechea wakajaa ukutani. Ndala moja ikabaki njiani. Akalifikia gari mbele ya duka la vifaa vya shule, akalipiga kofi kwenye buti, akaegemea hapo akihema. Dada akatoa kichwa dirishani akauliza kulikoni, na yeye akaweza kusema neno moja tu, rudi.

Akarudi. Akapita kinuko akiwa peke yake, Kontena ameinama kando ya njia, mikono magotini. Ko-ko. Nyuma, kulia. Sauti ilikuwa ile ile aliyoliliwa siku ya kwanza, haijapungua wala kuongezeka. Machozi yakamlengalenga, ya furaha na ya kukosa pumzi, huwezi kuyatenganisha. Kwa mazoea akafungua mlango akaingia siti ya nyuma, akamwomba Dada apite tena. Kimya. Akashuka. Ko. Akapanda. Kimya. Akashuka, akatazama gari kama mtu anayemtazama rafiki aliyekuwa akimsengenya.

Aliyelisema ni fundi wa kuchomelea, kwa sababu yeye alikaa pembeni akiona yote.

"Kontena, gari linakuogopa," akasema. "Ukipanda linachuchumaa."

Kontena akamwomba Dada ashuke kidogo, akapanda peke yake, akamwambia mwenzake atazame matako ya gari. Likashuka. Akatoka. Likapanda. Yaani miaka ishirini na tatu anaenda kusikiliza magari akiwa amebeba dawa yake mwenyewe. Mengi yalilia tu hata yakiwa yamembeba, ndiyo, na hayo ndiyo yaliyomjengea jina. Lakini akawakumbuka wateja watatu, kwa sura zao, aliowarudisha nyumbani akiwaambia hakuna kitu, ni mawazo. Mmoja wao aliondoka akiwa anaomba radhi.

Sasa kuujua mlio si kuuona. Ukipiga jeki, magurudumu yananing'inia, kila kitu kinaachana na mwenzake, na mwizi anakaa kimya kama mtakatifu. Ukiliacha gari limesimama kwa magurudumu yake, Kontena haingii chini, hilo tusipoteze muda nalo. Fundi wa kuchomelea, ambaye ni mwembamba kama fimbo zake za kuchomelea, akajitolea kuingia. Kontena akakataa. Akamwomba chaki, ile anayochorea vyuma kabla ya kukata.

Akainua gari. Akaipaka ile shokapu nyekundu chaki mwili mzima, taratibu, kama mama anayempaka mtoto poda, mpaka ikawa nyeupe yote. Akashusha. Dada akaenda peke yake, akapita kinuko mara tano, kwenda na kurudi, akihesabu kwa sauti dirishani. Akarudi. Wakainua tena.

Palikuwa na alama moja. Ukubwa wa ukucha, chaki imekwanguka na wekundu unaonekana. Na mbele yake tu, ulimi mdogo wa chuma unaoshika waya wa hendibreki, mdomo wake mweupe.

Ile shokapu mpya ni nene kuliko ya asili. Tofauti yenyewe ni ndogo, hata unene wa kidole haufiki, lakini inatosha. Gari likiwa tupu limeinuka, ule ulimi unakaribiana nayo kabisa, na kila kituta kidogo unaibusu. Tuta kubwa linalikalisha gari chini na kuupitisha mbali nayo. Mtu mwenye kilo za Kontena akikaa nyuma, vinaachana kabisa.

"Imenenepa," Kontena akasema kutoka chini.

"Nani?" Dada akauliza.

"Shokapu."

"Aha," akasema Dada, na fundi wa kuchomelea akaingia bandani kwake akakaa huko kwa muda.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika moja: koleo, kuupinda ule ulimi kidogo, basi. Koleo alikuwa ameshalishika. Akaliweka chini. Akachukua simu akampigia mpwa wake akamwambia aje sasa hivi, asingoje Jumamosi. Kijana akasema yuko kazini. Kontena akasema hata yeye yuko kazini.

Akaja saa sita na nusu, na viatu vyake. Kontena akamsimamisha kando ya kinuko na kumwambia asiongee. Mama akapita peke yake. Ko-ko. Kontena akapanda nyuma, wakapita. Kimya. Kijana akaomba warudie. Wakarudia mara tatu, na mara ya tatu mwenyewe alikuwa amechuchumaa, mkono sikioni, suruali ya ofisini imegusa vumbi. Aliposimama akaanza kusema kwamba hata hivyo, umri, barabara za siku hizi, watu hawana adabu barabarani. Kontena hakumwacha amalize.

"Mama yako alisikia sawasawa tangu siku ya kwanza," akasema. "Kiziwi nilikuwa mimi. Na leo asubuhi nimemdanganya kuwa nimekaza nati. Kama kuna mtu wa kunyang'anywa kitu hapa, anza na mimi. Chukua spana."

Akamnyooshea kweli, ya kumi na saba, yenye grisi. Kijana akaitazama.

"Mjomba, mimi naogopa tu," akasema polepole. "Ngazi nilimkuta ameanguka. Nilikaa naye sakafuni mpaka gari la wagonjwa likaja. Hakuwaambia nyinyi."

Kontena kweli hakuwa anajua. Akageuka kumtazama dada yake, na Dada, ambaye kioo chake kilikuwa wazi muda wote, akaangalia mbele barabarani.

"Niogopee, mwanangu, sikukatazi," akasema. "Ila uogope ukiwa na vitu vyako, na mimi niwe na vyangu. Ngazi chukua, nimekuachia. Gari hapana."

Kontena akarudi chini, akapinda ule ulimi, akauzungushia kipande cha mpira wa bomba, akakifunga kwa waya. Akatoka, akapiga magoti kando ya kinuko, mtu mzima na tumbo lake, sikio karibu na vumbi, na Dada akapita peke yake mara moja, mbili, tatu. Hapakuwa na kitu. Akamwambia apite mara ya nne. Dada akamwambia asimchoshe.

Wale wateja watatu aliwatafuta wiki ile ile. Wawili walikuja. Wa tatu alikuwa ameshauza gari, na Kontena akakaa na simu mkononi akimwomba radhi muda mrefu mpaka yule bwana akaanza kumtuliza yeye. Siku hizi ukienda kwake unalia kwanza, kama zamani, kisha unapita kinuko peke yako huku yeye amesimama nje, na baada ya hapo ndipo anapanda.

Lakini Alhamisi ile saa ilikuwa imeenda. Mwalimu mwenzake Dada alikuwa anasubiri na gazeti lake, na lazima alikuwa ameanza kununa. Kijana alikuwa amejitenga pembeni anaongea na mnunuzi, na mnunuzi alikuwa king'ang'anizi, ilisikika. Kijana akasema haliuzwi tena. Akasikiliza. Akasema hapana, halina tatizo, lilikuwa nalo, limetengenezwa. Akasikiliza tena. Akasema, "Ndugu yangu, mwenyewe amekataa. Mwenyewe ni mama. Ndiyo, anaendesha. Anaendesha peke yake."

Dada akapiga honi, kwa sababu Kontena alikuwa amesimama katikati ya geti na hapakuwa na pa kupita. Akasogea. Akavuta na tumbo ndani.